Kamba ya Mafundo Matatu

Canter ya Hamis ilikuwa imeiacha Makere nyuma kilomita kama ishirini, na Zuhra hakuwa amepumua vizuri tangu pale. Katikati yao alikaa Léonard, kapelo imemfunika macho, mabega ameyakunja kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Kibali chake cha kutoka kambi ya Nyarugusu kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kilisema: matibabu, Kasulu, kurudi saa kumi na mbili jioni. Na Kasulu ilikuwa nyuma yao. Wao walikuwa wanakwenda Kibondo, upande mwingine kabisa.

"Kizuizi kikitokea, wewe ni utingo wangu," Hamis alisema, macho barabarani. "Utingo bubu."

"Bubu kabisa," Zuhra alidakia. "Fundi, nakuomba kwa jina la Mungu, tukifika kule mnadani usifungue mdomo. Ukisema neno moja tu, hata kiziwi atajua umetoka ng'ambo."

Léonard alicheka kwa pua. Alikuwa kambini mwaka wa kumi na saba, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha Baraka alikozaliwa, kando ya ziwa upande wa Kongo, na Kifaransa kilikuwamo ndani kama mawe kwenye mchele. Huko Baraka alikuwa akitengeneza injini za boti. Kambini alitengeneza baiskeli na redio.

"Basi niseme sasa, kwa sababu kule sitasema," alisema. "Leta ile kamba, mama Zuhra."

Zuhra akafungua pindo la kanga, akaitoa. Ilikuwa kamba ya katani, urefu wa mkono, na mafundo mawili. Hilali, mdogo wake, aliituma kutoka ziwani kwa kondakta wa basi, imefungwa kwenye gazeti. Kwetu ndivyo vipimo vinavyosafiri: mlango hupimwa kwa kamba, kitanda kwa kamba, hata jeneza, Mungu aepushe, hupimwa kwa kamba. Fundo la kwanza lilikuwa juu ya ubao wa nyuma wa mashua, mahali injini inaponing'inizwa. La pili lilikuwa usawa wa maji.

Léonard aliivuta, akaitazama. "Alipima bwato ikiwa na muzigo, ao tupu?"

"Sijui. Ina maana?"

"Iko na maana sana."

Zuhra akapiga simu. Sauti ya Hilali ikajaa kabini nzima. "Na mzigo, dada! Nipime mashua tupu ya nini? Nani analipa nauli ya hewa?"

Léonard alitikisa kichwa, si kwa dharau, kwa huzuni kidogo. "Ikishusha watu, inapanda. Siku ya mawimbi, nyuma inapanda zaidi. Ukiweka moteri ya mguu mufupi, elisi yake itakata hewa. Itapiga kelele tu, bwato iko pale pale." Akapima shubiri moja chini ya fundo la pili, akafunga la tatu, akalikaza kwa meno. "Mguu wa moteri ufike hapa. Usipofika, usinunue, hata wakupe bure."

"Na elisi ndiyo propela?"

"Ndiyo ile ile. Kwenye kichwa chake kuko namba mbili. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni hatua, ni kusema, ikizunguka mara moja inasukuma mbali kiasi gani. Ya boti nyepesi iko na hatua kubwa. Inakimbia. Yenu iko na mulingoti, na tanga, na watu, na mafuta ya mawese. Munatafuta pana, ya hatua ndogo."

Hamis aliruka kwenye kiti. "Ahaa! Gia ya mlima! Baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi, huwezi kupanda nayo kilima cha Muyama kwa gia ya kukimbilia."

"Voilà," Léonard alisema. "Gia ya mulima."

Wakapatana ishara. Léonard angeziangalia injini kimya kimya. Akivua kapelo, Zuhra anunue. Akibaki nayo kichwani, aache.

Mtu anaweza kuuliza: mwanamke wa Kasulu, muuza dagaa na mawese, mashua inamhusu nini? Aliachiwa na marehemu mumewe. Hilali aliiendesha kwa tanga, akipeleka watu kati ya vijiji vya pwani ya ziwa ambavyo barabara haijavifikia wala haina haraka ya kuvifikia. Mwezi wa nne upepo ulikufa katikati ya maji, wakakaa shwari mchana kutwa na usiku kucha. Ndani ya mashua alikuwamo Immakulata, jirani ya Hilali, ana uchungu wa kuzaa, anapelekwa zahanati. Walifika asubuhi. Immakulata alipona, mtoto hakupona. Tangu siku hiyo Zuhra hakuwa akiwaza kitu kingine ila injini. Aliuza cherehani, akauza bati alizokuwa ameziweka za kumalizia jiko. Halafu wiki iliyopita ofisi ya vyombo vya majini nayo ikaamka: kuanzia Jumatatu, mashua ya tanga isiyo na injini ni marufuku kupakia abiria. Tangazo lilibandikwa kwenye mti. Injini itatoka wapi, tangazo halikusema.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

*

Mnada ulikuwa kwenye uwanja wa ghala nje kidogo ya mji wa Kibondo. Vilivyouzwa ni masalia ya shirika lililokuwa likifanya kazi kambi ya Mtendeli kabla haijafungwa: mahema, viti, jenereta, baiskeli zisizo na minyororo. Na injini mbili za boti. Injini za boti zilifikaje Mtendeli, ambako maji makubwa yalikuwa foleni ya bombani? Walisema mkubwa mmoja aliziagiza kwa ajili ya mafuriko, mafuriko yakamwangusha, hayakuja. Zilikuwa mpya kasoro vumbi.

Zilisimamishwa kwenye ubao, pamoja. Ya nguvu za farasi kumi na tano ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina michirizi myekundu. Ya farasi nane ilikuwa ya kijivu, mguu mrefu kama wa korongo, na propela pana iliyoonekana imeazimwa kwa injini nyingine. Watu wote walikuwa wameizunguka ile nyeusi. Hata Zuhra moyo wake ulikwenda huko. Kumi na tano! Unaanzaje kuiacha kumi na tano ukanunua nane?

Akajisogeza na kamba yake. Akaweka fundo la kwanza kwenye kibano cha ile nyeusi, akaishusha. Mguu uliishia juu ya fundo la tatu, pengo la shubiri nzima. Akahamia ya kijivu. Mguu ulilipita fundo na kuzidi.

"Mama, unapima injini kama unashona gauni?" mtu alimtania, watu wakacheka. Zuhra naye akacheka. Akainama kwenye propela, akafuta vumbi kwa kidole. Namba ya kwanza kubwa, ya pili ndogo. Hatua mbili tatu nyuma yake Léonard alikuwa amesimama na Hamis, bubu kweli kweli, kapelo kichwani. Alikuwa anataka kuisikia kwanza.

Kwenye kivuli cha ghala, mezani, alikaa mkaguzi wa vibali. Niyomwungere lilikuwa jina lake, jina ambalo lingeweza kutoka upande wowote wa mpaka, na yeye alikuwa amepewa mhuri wa kuwauliza wengine wametoka upande gani. Alikuwa akinywa soda na kuwatazama watu mmoja mmoja.

"Haya, haya, haya!" Dalali Saady, mwenye kanzu fupi na sauti iliyokwisha kukwaruzika, alipanda juu ya kreti. "Wenye shaka, shaka inaondoka sasa hivi! Tunaiwasha hii ya kijivu mbele ya macho yenu. Leteni pipa!"

Vijana wawili wakaleta pipa la mafuta lililokatwa kichwa. Wakamimina ndoo tatu za maji. Maji yakafika chini ya nusu, na Kibondo ndoo ya nne ilikuwa ya kupikia, si ya kuchezea. Wakaitumbukiza injini. Propela ikazama kwa shida.

Zuhra hakuona tatizo. Nani angeona? Sisi injini tunazozijua zinawashwa mahali palipo pakavu, na zinaunguruma vizuri tu.

Kijana akavuta kamba ya kuwashia mara moja. Ikawaka! Watu wakapiga makofi. Propela ikayazungusha maji, ikayarusha nje ya pipa, yakamlowesha Saady kanzu, watu wakazidi kushangilia. Ndani ya pipa hakikubaki kitu. Injini ikazidi kunguruma, sauti ikapanda, ikawa nyembamba. Saady akapiga kelele, "Ongeza! Ongeza moto wasikie!"

Zuhra alimgeukia Léonard. Uso wa Léonard ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayetazama mtoto anakaribia moto. Mkono wake ulikwenda mdomoni, ukauziba. Halafu ukatoka.

"Zima! Zima, bandugu, haikojoe! Maji haiko mu pompe, itakwama! Arrêtez!"

Alikuwa amekwisha kufika. Alimsukuma kijana kando, akakiminya kitufe chekundu, injini ikanyamaza. Akaweka kiganja karibu na kichwa chake bila kuigusa, kama mtu anayepima homa. "Dakika moja tena ingekufa," alisema, akihema. "Inapoa na maji. Ile kitundu hapa ingekojoa maji, mungeona. Bila maji inajipika."

Watu wote waligeuka kumtazama yeye, si injini.

"Mungeona," Niyomwungere alirudia taratibu. Aliiweka soda chini. "Bandugu. Njoo hapa, ndugu."

*

Niyomwungere alikisoma kibali mara mbili, mara ya pili kwa sauti. "Matibabu. Kasulu. Hapa ni Kasulu?"

"Hapana, chef."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja peke yangu."

"Kwa miguu? Kutoka Nyarugusu?" Niyomwungere alisimama, akauangalia umati. "Nani anamjua huyu mtu?"

Hamis alikuwa anaangalia viatu vyake. Zuhra alihisi kamba ile mkononi, imelowa jasho. Alijua adhabu ya kusafirisha mkimbizi nje ya kibali. Alijua pia kwamba mnada wa pili haupo, na Jumatatu ipo.

"Wewe mama. Nilikuona umesimama karibu naye."

"Mimi?" Sauti yake ilimtoka ndogo. "Simjui."

Akasema tena, kama vile mara moja haikutosha. "Simjui kabisa."

Léonard hakumtazama. Mgambo alipomshika mkono, yeye kwa mkono wa pili akavua kapelo, akaibana kifuani. Mgambo alidhani ni heshima. Niyomwungere naye alidhani ni heshima. Zuhra peke yake ndiye aliyejua anaambiwa nini: nunua hiyo.

Na akanunua. Ee, alinunua, tena kirahisi, maana baada ya kelele zile watu wote waliamini ya kijivu ni mbovu. Kila mtu alikimbilia ile nyeusi, wakashindana mpaka bei ikawa ya wazimu, akaipata mfanyabiashara mmoja wa Gwarama mwenye bwawa la samaki. Saady alipotaja ya kijivu, Zuhra alinyoosha mkono peke yake. Nyundo ikapigwa. Alikuwa amepata kitu alichokitafuta miezi yote, na hakugeuka kuangalia walikompeleka Léonard.

Walipoipakia kwenye Canter, karani wa mnada akamletea risiti, akiwa na uso wa mtu mwenye habari tamu. "Bahati yako, mama. Yule Mkongo ni mwizi. Wanamwandika sasa hivi: alikuja kuvizia vifaa. Hana wa kumsemea, ataoza huko."

Hamis aliwasha gari. Wakatoka getini, wakafika njia panda. Kushoto Makere na Kasulu, lami tupu, saa tisa na nusu.

"Dada," Hamis alisema. "Mimi sisemi kitu."

"Usiseme. Geuza gari."

*

"Nilidanganya," Zuhra alimwambia Niyomwungere, amesimama mbele ya meza yake kwenye kibanda cha ukaguzi. Kwenye benchi, ukutani, alikaa Léonard. "Si mwizi. Ni fundi wangu. Nilimchukua Makere mwenyewe, anichagulie injini. Andika hivyo."

Niyomwungere alizungusha kalamu. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyeletewa chai. "Mama, umefikiri? Nikiandika mwizi, ni kesi yake. Nikiandika fundi, yeye anapata onyo, anarudi kambini leo. Kosa linahamia kwako. Na injini inabaki hapa kama kidhibiti, mpaka shauri liishe."

"Litaisha lini?"

"Wiki. Mwezi. Mashauri hayana saa." Alitoka nje, akalifunua turubai la Canter, akaipapasa injini. "Chombo kizuri. Shemeji yangu ana mtumbwi kule ziwani, kila siku ananililia injini." Akalifunika tena, akarudi mezani. "Basi tu, nasema."

"Mama Zuhra, hapana," Léonard alisema kutoka kwenye benchi. "Acha niwe mwizi. Bwato ipate moteri. Ule mwanamuke alipoteza mutoto."

"Nyamaza, fundi," Zuhra alimwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyafuta. "Leo umeongea ya kutosha. Afisa, andika."

Niyomwungere akaandika kwenye daftari kubwa lenye kurasa zilizopigwa namba, nakala ya kaboni chini yake. *Injini moja ya boti, farasi nane, rangi ya kijivu.* Zuhra akatia sahihi. Mhuri ukapigwa. Akapewa nakala, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja. Mgambo wawili wakaiteremsha injini, wakaiegemeza ukutani.

"Hamis, nipe spana na koleo."

Alipiga magoti kwenye udongo. Akachomoa pini ya propela kwa koleo, akalegeza nati, akaivuta propela taratibu kama alivyokuwa ameona mafundi wa Ujiji wakifanya. Ikatoka. Pini na nati akavifunga kwenye pindo la kanga.

"We mama, unafanya nini?"

"Nachukua changu. Umeandika injini moja. Propela hujaandika."

Niyomwungere alifungua daftari, akalitazama. Kuongeza neno baada ya mhuri ni kughushi, na ukurasa wenye namba hauchanwi bila barua ya maelezo kwa mkubwa. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi imepita. Akakitazama kile chuma mikononi mwa Zuhra, akacheka.

"Nenda na kipangaboi chako. Si kitu cha kununua dukani tu, kama pedeli?"

Zuhra alimwangalia Léonard. Léonard aliangalia sakafu, lakini midomo yake ilikuwa inamcheza.

"Ndiyo, afisa," Zuhra alisema. "Kama pedeli."

*

Walikuwa wameshapita vilima viwili ndipo Léonard akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Propela ilikuwa mapajani mwake. "Ile kipimo, kwa ule mwaka wa moteri, Kigoma hakuna. Bujumbura hakuna. Shemeji yake atafunga pedeli!"

Hamis alipiga usukani kwa furaha. Zuhra hakuweza kucheka.

"Fundi, nilikukana. Mara mbili."

Léonard aliizungusha propela mapajani. "Iliniuma," alisema. "Sitakudanganya. Iliniuma. Lakini ulirudi."

Wakafika Makere saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Benita, mke wake, alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono kichwani, anaangalia upande wa Kasulu, upande usio wenyewe. Léonard aliteremka, akampa Zuhra propela. Zuhra akairudisha kwake.

"Kaa nayo. Kwangu watakuja kupekua. Kwako nani atatafuta propela?"

Zuhra aliifunga kwa ile kamba ya katani, ikazunguka mara mbili, fundo la tatu likaangukia juu. Léonard akaificha ndani ya koti, akavuka barabara na mkewe, wakaelekea getini kabla saa haijafika. Zuhra aliwatazama mpaka askari wa geti alipokisoma kibali na kuwapisha.

Simu iliita. Hilali.

"Dada! Watu wamejaa hapa wanauliza. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Alhamdulillahi! Iko wapi?"

"Injini iko Kibondo, kwenye kibanda. Propela iko Nyarugusu, kambini."

Upande wa pili, maji yalisikika yakipiga ubao wa mashua. "Sasa dada, Jumatatu nani anasafiri?"

Zuhra alikuwa bado ameishika ile nakala ya kaboni, wino wake umempaka vidole.

"Hakuna anayesafiri, Hilali," alisema. "Lakini ninyi mna tangazo, fundi ana kibali, mimi nina nakala. Sote tuna karatasi."